Gari Lisiwake, Lakini Likishawaka Lisizimwe

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa mafundi na wapenzi wa elektroniki. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, wanafunzi wa umeme, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza tu, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie kifaa cha elektroniki cha kuzuia wizi wa gari, kile ambacho mtu anaweza kukitengeneza mwenyewe mezani kwake akiwa na rilei (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), nyaya na subira. Sitagawa muda sawa kwa kila jambo. Yapo mambo nitakaa nayo, na mengine nitayapitia mbio. Lakini kabla sijafika mbali, naomba mshike sentensi moja: gari lisiwake, lakini likishawaka lisizimwe. Nitairudia leo mpaka muichoke, maana nimeona yanayotokea ikisahauliwa.

Tuanze na mwizi mwenyewe. Mwizi wa gari anaogopa nini? Kelele? Hebu jiulizeni: mara ya mwisho mliposikia king'ora cha gari kikilia usiku, nani kati yenu aliondoka kitandani? Inueni mikono. Mnaona? Wawili. Na ninyi wawili nadhani gari lililolia lilikuwa lenu.

Jirani yangu mmoja alifunga king'ora chenye sensa ya mtikisiko, akaikaza ukali wake hadi mwisho. Lori likipita, kinalia. Paka akirukia boneti, kinalia. Radi ikipiga mbali, kinalia. Mwanzoni watu walichungulia madirishani, baadaye wakalalamika, mwishowe wakazoea. Usiku gari lilipofunguliwa kweli, king'ora kililia kama siku zote, na mtaa mzima ukageukia upande wa pili ukaendelea kulala. Gari lile halijaonekana hadi leo. Kile king'ora hakikuwa kibovu hata kidogo. Kilichoharibika ni masikio ya watu.

Mwizi anaogopa muda. Anakuja na ramani kichwani: mlango huu unafunguka hivi, plastiki ile inabanduka vile, waya ule unaguswa na ule, dakika mbili, ameondoka. Ukimpotezea ramani, umempotezea dakika. Akikaa kwenye kiti cha dereva anazungusha swichi na stata, ile mota inayoiamsha injini, haijibu, taa zote zinawaka, betri ni nzima, na hajui kwa nini, hapo ndipo anapoanza kutazama nyuma.

Na hapa ndipo penye nguvu kubwa ya kifaa cha kujitengenezea. Kifaa cha kiwandani kinaweza kuwa bora kuliko chako kwa kila kipimo, lakini kipo kwenye magari milioni, na mwizi ana nafasi ya kukisoma polepole. Chako kipo kwenye gari moja. Atakisoma wapi?

Mnakumbuka yaliyotokea Marekani kuanzia 2021? Vijana walikuwa wanavunja plastiki ya chini ya usukani kwenye magari ya Kia na Hyundai, wanang'oa silinda ya ufunguo, na kitako kilichobaki wanakizungusha kwa kichwa cha waya wa USB. Waya wa kuchajia simu! Magari yale hayakuwa na imobilaiza, yaani kile kifaa kinachosoma chipu ndani ya ufunguo na kukataa ufunguo usioujua. Taasisi ya utafiti ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, ilionyesha kwamba kwa magari ya 2015, ni asilimia 26 tu ya Kia na Hyundai zilizotoka kiwandani na imobilaiza kama kifaa cha kawaida, wakati kwa watengenezaji wengine ilikuwa asilimia 96. Ulaya, magari mapya yanalazimika kuwa nayo tangu 1998. Mbinu ya wizi ilisambaa kwa video, na 2023 ikabidi zitolewe programu mpya za magari takriban milioni 8.3. Ramani moja, magari mamilioni.

Mtasema, basi tununue gari lenye kompyuta nyingi. Haya, nendeni London, mwaka 2022. Mtafiti mmoja wa usalama wa mifumo ya magari alilikuta gari lake, Toyota RAV4, bampa limevutwa na plagi ya taa ya mbele imechomolewa. Akadhani ni wahuni. Ikatokea tena. Muda si mrefu gari lenyewe likatoweka. Alipochunguza aligundua kwamba wezi walikuwa wanaingia kwenye mtandao wa ndani wa gari kupitia plagi ile ya taa. Mtandao huo huitwa CAN. Kampuni ya Bosch iliutambulisha 1986, na umejengwa kwa kuaminiana: kompyuta moja ikitamka, nyingine zinasadiki. Wezi walichomeka kifaa chao, kilichofichwa ndani ya ganda la spika ndogo ya Bluetooth, kikatangaza kwamba ufunguo halali upo. Milango ikafunguka. Injini ikawaka.

Sasa jiulizeni: kifaa kile kingeiambia nini swichi iliyofichwa nyuma ya plastiki, ambayo haimo kwenye mtandao wowote? Ndiyo maana nasema tusidharau rilei na waya. Waya uliokatwa haushawishiki kwa ujumbe.

Lakini tukate waya upi? Hapa nitatulia kidogo, ndugu zangu, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wazuri wanapokosea.

Kuna gari lililetwa kwenye gereji tunayofanyia kazi likiwa limeparuzwa ubavu mzima. Mwenye gari alikuwa amefungiwa kifaa kinachokata pampu ya mafuta kwa ujumbe wa simu. Siku hiyo hakuna aliyetuma ujumbe wowote. Alikuwa analipita lori. Waya wa rilei ulikuwa umesokotwa na kuviringishiwa utepe tu, haukulehemiwa wala kubanwa. Mtikisiko ukauachisha, pampu ikanyamaza, injini ikafa katikati ya kulipita lori. Usukani ukawa mzito. Breki alipoikanyaga mara ya kwanza ilishika, mara ya pili ikashika kidogo, baada ya hapo haikushuka tena. Alijibana kwenye kingo za chuma za barabara mpaka gari likasimama. Alipona.

Kwa nini breki iligoma? Kwa sababu kwenye magari mengi kisaidizi cha breki hufanya kazi kwa ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa, linalotengenezwa na injini. Injini ikifa, ombwe lililobaki linatosha kukanyaga mara mbili tatu, basi. Baada ya hapo unabaki na misuli ya mguu wako.

Kwa hiyo narudia: gari lisiwake, lakini likishawaka lisizimwe. Pampu ya mafuta mimi siigusi. Umeme wa cheche za plagi siugusi. Nakata waya mmoja tu, ule mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kuiamsha stata. Waya huo una kazi kwa sekunde chache kila safari, na gari likishaanza kwenda hauna kazi tena. Ukiachia njiani, hakuna kitakachotokea mpaka utakapozima mwenyewe. Kuna mahali gani pengine kwenye gari ambapo kosa la fundi halimuui mtu?

Na wale wanaouliza, itakuwaje nikinyang'anywa gari barabarani, nisilizime kwa simu? Hapana. Ndani ya gari lile anaweza kuwemo mtoto wako. Mbele yake yuko mpita njia asiyehusika. Amri ya simu isizime injini, izuie isiwake tena. Mtu aliyelichukua atasimama mahali fulani, atazima, na akirudi atakuta gari limekufa na wewe unajua lilipo.

Sasa saketi yenyewe. Inahitaji rilei mbili za kawaida za gari, zile za mraba zenye miguu yenye namba: 30, 85, 86, 87. Namba hizo zinatokana na kiwango cha Ujerumani, DIN 72552, na utazikuta kwenye rilei nyingi za magari duniani. Rilei moja nitaiita ya kumbukumbu, nyingine ya kazi.

Chukua umeme kwenye laini inayoamka ufunguo ukiwa ON. Upitishe kwenye fyuzi ya ampia 1, kisha uingize kwenye mguu 30 wa rilei ya kumbukumbu. Mguu 85 upeleke bodi, yaani kwenye chuma cha gari. Mguu 87 uunganishe na mguu 86 wa rilei hiyohiyo kwa kipande kifupi cha waya. Swichi ya siri iweke kati ya 30 na 86. Mmeona uzuri wake? Ukigusa swichi ya siri mara moja, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya rilei, inapata umeme, rilei inashika, na ikishashika inajilisha yenyewe kupitia 87. Ondoa kidole, inabaki imeshika. Zima ufunguo, inaachia. Hakuna programu, hakuna kompyuta, hakuna cha kuganda.

Kutoka mguu uleule wa 87 toa waya mwingine hadi mguu 86 wa rilei ya kazi, na 85 yake nayo iende bodi. Miguu yake ya 30 na 87 ndiyo inayoungana na ncha mbili za ule waya wa stata uliokatwa. Tumia rilei ya ampia 40 na waya usio mwembamba kuliko wa kiwandani, maana stata ikiamka inavuta ampia nyingi kwa mkupuo. Kila koili ipewe dayodi moja, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, 1N4007 inatosha, upande wenye mstari ukielekea 86, ili mshindo wa koili inapoachia usile swichi yako.

Jambo moja ambalo limewasumbua wengi: si kila laini inayoamka na ufunguo inabaki hai stata ikizunguka. Laini ya redio hukatika wakati huo. Ukiichukua hiyo, rilei ya kumbukumbu itaachia palepale unapowasha, gari litatoa mlio mmoja na kunyamaza, na utahangaika siku nzima ukilaumu rilei. Weka mita, mwambie mtu azungushe stata, angalia volti zikishuka. Zikishuka hadi 9 au 10 ni kawaida, rilei itashika. Zikienda sifuri, tafuta laini nyingine.

Na swichi ya siri? Wengi huficha kitufe chini ya kiti au chini ya dashibodi. Mwizi naye ana vidole, na hapo ndipo anapopapasa kwanza. Mimi napenda swichi ya sumaku, ile ya kioo yenye vipande viwili vyembamba vya chuma ndani vinavyogusana sumaku ikisogea. Unaibandika nyuma ya plastiki ya gari, popote penye plastiki isiyo na chuma nyuma yake. Kwa nje hakuna kitu. Hakuna kitufe, hakuna tundu, hakuna alama. Sumaku ndogo inakaa kwenye shada la funguo. Unaketi, unaweka ufunguo ON, mkono unapita juu ya plastiki tupu kana kwamba unafuta vumbi, rilei inasema "tak", unawasha. Na hiyo "tak" yenyewe izibeni kwa sponji, maana mtu makini akiisikia atajua rilei iko upande gani.

Faida ambayo watu hawaioni upesi ni hii: mfumo huu unajifunga wenyewe. Huhitaji kukumbuka kuuwasha. Ukizima gari umeshalifunga. Wangapi wamefunga kengele za maana na wakaibiwa siku waliyosahau kubonyeza rimoti? Ulinzi unaotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka ni ulinzi wa siku za mapumziko.

Una udhaifu wake, na sitauficha. Anayejua gari anaweza kufungua boneti na kuiamsha stata moja kwa moja. Gari la gia za mkono linaweza kusukumwa. Kwa hiyo boneti iwe na swichi yake inayoamsha king'ora, na kufuli ya usukani isidharauliwe. Na gari la mseto, lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, mara nyingi halina stata ya namna hii, kwa hiyo saketi hii si yake.

Vijana, najua mnachosubiri. Mnataka mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, GPS ya kuonyesha gari lilipo, ujumbe wa simu. Vitu vizuri, navipenda. Lakini viwe macho na mdomo wa gari, visiwe mkono. Vione mlango umefunguliwa, viseme. Kazi ya kuzuia muiachie rilei.

Na mkivifunga, hesabuni umeme. Mteja mmoja alifungiwa Arduino Uno, bodi ndogo yenye mikrokontrola, moja kwa moja kwenye betri, ikafanya kazi vizuri sana. Akasafiri wiki tatu. Aliporudi gari halikuwa na nguvu hata ya kufungua milango, akaapa kwamba amehujumiwa. Hakuhujumiwa. Bodi ile inakula takriban miliampia 50 hata isipofanya lolote. Kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2. Kwa wiki tatu ni 25. Betri yake ilikuwa ya ampia-saa 45, na gari lenyewe likiwa limelala lina ulaji wake. Pigeni hesabu wenyewe. Chipu iliyo kwenye bodi ile, ATmega328P, ikiwekwa peke yake na kulazwa usingizi hula miliampia chini ya sehemu moja ya mia. Ilazeni, na swichi ya mlango ndiyo iiamshe.

Umeme wa gari nao si mtulivu. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika ni volti 12.6. Injini ikinguruma ni 14 na ushee. Na waya wa betri ukiachia wakati alteneta, jenereta ya gari, inachaji, mshindo unaweza kupita volti 60. Moduli ya SIM800L, ile ya kutuma ujumbe wa simu ambayo wengi wenu mnaitumia, inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na wakati wa kutuma inavuta hadi ampia 2 kwa mipigo mifupi. Ukiilisha kwa kirekebisha volti kisicho na nguvu ya kutosha itajizima na kujiwasha, na utadhani ni mtandao. Wekeni fyuzi karibu na betri, dayodi ya kufyonza mishindo, kirekebisha volti kilichotengenezwa kwa ajili ya magari, na kapasita kubwa, ya kuweka akiba ya umeme, karibu na moduli. Tena moduli hiyo ni ya 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha pili, na nchi kadhaa, Australia ikiwemo, zimeshazima 2G. Ulizeni kampuni ya simu kabla ya kununua.

Rimoti za bei rahisi za megahezi 433, zile zinazotuma namba ileile kila mara, zisiaminiwe kabisa. Mtu aliyekaa karibu na kipokezi kidogo anainakili namba hiyo kwa bonyezo moja na kuirudia usiku. Zifungue buti, zisifungue stata.

Mambo machache ya haraka. Nyaya zenye ganda la njano ni za mifuko ya hewa: usizipime, usizikate, usizisogelee. King'ora kiwe na betri yake ndogo, kwa sababu kitu cha kwanza kukatwa ni betri kubwa. Antena ya GPS ikae chini ya plastiki au kioo, chuma kinaizuia. Tumieni nyaya zenye rangi zinazofanana na za kiwandani na utepe wa kitambaa kama wa kiwandani, ili kazi yenu isionekane kuwa ngeni. Rilei zikae mbali na joto la injini. Na kampuni ya bima iambiwe, kwa maandishi, kwamba gari limeongezewa kifaa.

La mwisho ni la nyumbani. Usiku mgonjwa akizidiwa, na wewe haupo, nani anaweza kuliwasha gari? Mfundishe mwenzio. Mwache afanye mwenyewe gizani, bila wewe kumwelekeza, mpaka mkono wake uzoee. Mchoro wa saketi uwekeni ndani ya nyumba, kamwe usiwe kwenye gari. Siri ya namna hii ikikaa kwa mtu mmoja tu, inakuwa hatari kwa familia kuliko kwa mwizi.

Pale mezani kuna dashibodi nzima niliyoitoa kwenye gari chakavu. Nimeifunga rilei mbili, betri, na mota ndogo badala ya stata. Sumaku ni hii hapa, yeyote aichukue. Sitawaambia swichi iko wapi. Tafuteni, na mkiipata semeni mmeipataje, maana nitabadilisha mahali pake kwenye gari langu kufuatana na mtakachonionyesha.

Sasa ni maswali. Dada uliyekaa nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja CAN. Anza wewe.